Gitaa la mapajani kwa mpiga kanuni

Mtu akiniuliza nimejifunza vipi gitaa la Hawaii hapa Unguja bila ya mwalimu, humwambia walimu ninao tele, ila hakuna hata mmoja wao anayelipiga. Mkono wa kulia ulishaandaliwa na kanuni, chombo ninachopiga katika taarab tangu usichana wangu. Mkono wa kushoto nimeuazima kwa wapiga fidla. Lililobaki ndilo lililonitoa jasho, nalo ni kuzima sauti. Nitalifikia.

Kwa asiyelijua, hili ni gitaa la kulazwa mapajani, uso juu. Nyuzi zake zimenyanyuliwa mbali na ubao na hazibonyezwi kwa vidole. Mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma kilicholainishwa, hukitembeza juu ya nyuzi, na sauti huteleza pamoja nacho. Anayetajwa kuuanzisha mtindo huo ni Joseph Kekuku wa kisiwa cha Oahu, mnamo 1889, akiwa kijana wa skuli. Mwaka 1915 maonesho makubwa ya San Francisco yaliwapandisha Wamarekani wazimu wa muziki wa Hawaii, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Rickenbacker ikatoa gitaa la aluminiamu lenye pikapu, yaani kifaa cha kunasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza umeme wa kupeleka kwenye spika. Watu walilipachika jina la kikaango kwa umbo lake. Vijana wa bendi hawaniamini nikiwaambia kwamba gitaa la umeme la mwanzo kupata soko lilikuwa hili la mapajani, si lile la kuning'inia begani.

Mtaani kwetu halikuonekana geni. Bibi mmoja jirani yangu, ambaye ujana wake ulipita katika kumbi za sinema za Majestic na Empire kwenye filamu za Kihindi, alisimama dirishani siku ya mwanzo niliyoliunganisha na spika.

"Mwanangu, hiyo si sauti ya sinema hiyo?"

Hakukosea. Familia ya Tau Moe kutoka Hawaii iliishi Calcutta katika miaka ya 1940 na kuliacha gitaa hili mikononi mwa Wahindi. Baadaye Van Shipley akalipiga katika nyimbo za filamu, na Brij Bhushan Kabra akalipandisha hadi kwenye raga za kikale. Masikio ya wazee wa Mji Mkongwe yalikuwa yameshalipokea kabla mimi sijazaliwa. Nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kujibu maswali mengi kuliko hilo.

Sasa, kabla ya kununua chochote, jaribu na gitaa la kawaida. Tafuta lile la nyuzi za chuma, la nailoni halifai. Mpe seremala kipande cha mpingo au mfupa akuchongee kidaraja kirefu cha kuweka pale nyuzi zinapoanzia shingoni, chenye mifereji sita, kiziinue kiasi cha sentimita moja kutoka ubaoni. Seti ya nyuzi iliyomo inatosha, mradi uityuni D, A, D, F-shapu, A, D kutoka uzi mnene kwenda mwembamba. Nyuzi nne zinalegezwa na mbili zinabaki zilivyo. Hakuna inayokazwa, kwa hiyo gitaa la watu halitapinda shingo. Ukizipiga zote bila chuma unapata kodi ya D, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja. Weka chuma juu ya freti, ule mstari wa chuma wa shingoni, ya tano unapata G, ya saba unapata A, na kwa hizo tatu unaweza kuburudika hadi jirani akuchoke. Kama baada ya mwezi bado unalitamani, ndipo ufikirie kununua.

Langu alilinunua binamu yangu aliyeko Marekani. Ni Supro ya miaka ya 1950, ya nyuzi sita, imevishwa ile plastiki yenye mng'aro wa lulu. Bei yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na magitaa ya kawaida ya umri huo, na sababu zake zinaeleweka. Magitaa haya yalitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya wanafunzi, na kampuni kama Oahu ya Cleveland ilikuwa ikiyauza pamoja na masomo. Kisha mwishoni mwa 1953 mpigaji Bud Isaacs akarekodi na mwimbaji wa kantri Webb Pierce kwa gitaa lenye pedali za kubadilisha sauti ya nyuzi, na wapigaji wakubwa wakahamia huko. Yaliyobaki yakaingia mivunguni.

Kwa mnunuzi wa leo uzuri wake ni kwamba mengi yanayoua gitaa la kawaida hapa hayana nafasi. Hakuna freti za kuisha, mistari imechorwa tu. Shingo ikijikunja kidogo hudhuriki, kwa kuwa hubonyezi kitu. Angalia mambo mawili. Funguo za kukazia nyuzi ziwe zinazunguka na meno yake hayajaliwa. Na pikapu iwe hai. Pikapu ni waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mara, na kutu ikiukata mahali pamoja tu, basi. Muuzaji wa kwanza tuliyezungumza naye alisema chombo chake kinafanya kazi vizuri sana. Binamu yangu akamwomba aweke mita ya umeme kwenye tundu la waya, sauti ikiwa imefunguliwa yote, atusomee omu ngapi, yaani ukinzani wa ule waya. Pikapu nyingi za aina hii husoma kilo-omu kadhaa, na isiyosoma kitu imekatika. Bwana yule hakujibu tena. Wa pili alituma picha ya mita bila hata kubembelezwa, na huyo ndiye aliyekula fedha yetu.

Mikwaruzo ya sauti unapozungusha vifungo vya volyumu na toni isikutishe. Fundi redio wa Darajani alipuliza dawa ya kusafishia ndani ya vifungo hivyo, akavizungusha huku na huku, ikaisha. Kinachotaka kuangaliwa ni chumvi ya hewa yetu, maana nyuzi mpya zikiachwa bila kupanguswa wakati wa masika huanza madoa ndani ya wiki. Mimi hupangusa kila nikimaliza, juu na chini ya uzi, na ndani ya kasha nimeweka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Umeme nitausemea kwa ukali kidogo. Ukiletewa gitaa pamoja na amplifaya yake ya zamani ya Marekani, usiichomeke ukutani. Ile imeundiwa volti 110 mpaka 120, sisi tuna 230. Inataka transfoma ya kushusha umeme yenye wati za kutosha, na hata hivyo inaweza kupata joto zaidi ya kwao, kwa sababu mizunguko ya umeme wao ni 60 kwa sekunde na wetu ni 50. Nyingi zilitoka kiwandani na waya wa pini mbili, bila ya ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, na chuma unachoshika kimegusana na nyuzi zilizoungana na ile amplifaya. Mpe fundi anayejua vyombo vya vali, zile taa za kioo za redio za zamani, aweke waya wa pini tatu, wala usiifungue mwenyewe ati umeichomoa, kwani kapasita za ndani huhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa. Mimi niliikataa kabisa. Natumia amplifaya ndogo mpya ya volti zetu, na bibi wa dirishani hajalalamika.

Kile chuma cha mkononi kinauzwa, lakini kukisubiri kutoka ng'ambo kulinishinda. Mwanakwerekwe kuna mafundi wa magari wenye lundo la shokapu zilizokufa. Fimbo ya ndani ya shokapu ya gari imepakwa kromu ngumu, nyororo, na zile nene hufika milimita 20 au 22, unene uleule wa vyuma wanavyotumia wenyewe. Chagua isiyo na tundu katikati. Fundi wa kukereza alinikatia kipande cha sentimita saba na nusu, ncha moja akaiviringa mfano wa risasi, nyingine akaifanyia kishimo cha kukaa kidole gumba. Kina gramu 180 na kitu. Uzito huo ndio unaoifanya sauti iendelee, ndiyo maana kipande cha bomba jepesi hakikupi raha. Nilikipiga msasa laini majini mpaka ukucha haukuhisi kitu. Mkwaruzo mmoja tu kwenye chuma utausikia katika kila mtelezo.

Kutyuni ndiko kunakowapoteza watu, maana kuna mitindo mingi na kila mpigaji ana wake. Mimi nilishika ule wa C6, na sijauacha. Kutoka uzi mwembamba ni E, C, A, G, E, C. Nyuzi tatu za juu ukizipiga pamoja unapata A ya huzuni, maina, na tatu za chini zinakupa C ya furaha, meja. Chuma kimoja kilichonyooka kinabeba zote mbili, na kwa nyimbo zetu, ambazo nyingi zinaelemea kwenye huzuni, hilo si jambo dogo. Mtindo wa D niliousema mwanzo hauna maina iliyokamilika popote ukiweka chuma sawasawa.

Tatizo la C6 ni kwamba seti ya dukani haiingii. Gitaa la kawaida linaruka kutoka G hadi D, wakati hapa unataka A, G na E zikiwa jirani. Agiza nyuzi moja moja. Unene niliotumia, kwa sehemu za elfu za inchi, ni 15, 18, 22, 26, 30 na 36, tatu za mwanzo tupu na tatu za mwisho zilizozongwa. Agiza za 15 mbili, hizo ndizo hukatika.

Mkono wa kulia nitaupita haraka, kwa mpiga kanuni ni kama nyumbani. Sisi tumezoea pete ya bati kila kidole cha shahada na risha, kipande cha kupigia nyuzi, ndani yake. Huku unavaa kucha tatu mkono mmoja, ya gumba ya plastiki na mbili za bati. Zikunje zifuate umbo la kidole, zisisimame wima. Asiyewahi kuvaa kitu vidoleni atalaani kidogo, kisha atazoea.

Mkono wa kushoto ndipo nilipohitaji wenzangu. Kanuni haikufundishi kutafuta sauti. Uzi umeshatyuniwa, vitufe vya pembeni vinaipandisha na kuishusha, wewe unapiga tu. Mpiga fidla hana anasa hiyo. Kila sauti anaitafuta, na anaifika kwa sikio. Nilikwenda kukaa na mzee mmoja wa fidla katika kundi letu, nikamwekea chombo mbele yake bila ya maelezo. Hakukigusa. Akaniambia, "Piga unayoijua, bibie." Nikapiga. "Unaangalia mistari," akasema. "Fumba macho, imba kwanza, halafu nenda pale ulipoimba."

Ndiyo kazi tuliyoifanya, jioni baada ya jioni, barazani kwake. Naimba sauti moja, napeleka chuma, nasikia kama kimefika au kimepita. Mistari ina kazi yake, lakini inadanganya mwenye kuiangalia kwa upande. Kichwa kikikaa kushoto ya chuma unaona umefika na kumbe bado. Kaa uso wako uwe juu ya pale unapopiga. Na chuma kinakaa juu ya mstari wenyewe, sio nyuma yake kama kidole kwenye gitaa la kawaida. Hapo waliokuja kutoka gitaa la kawaida ndipo wanapohangaika, vidole vyao vimezoea kurudi nyuma.

Halafu mistari haina nafasi sawa. Langu lina kiasi cha milimita 570 kutoka mwanzo wa nyuzi hadi mwisho. Hatua ya kwanza ni milimita 32 hivi, lakini kati ya mstari wa 11 na wa 12 ni 17 tu. Kosea nusu sentimita chini, hasikii mtu. Kosea nusu sentimita juu, mtoto wa madrasa atageuka kukutazama.

Huko huko katikati ya mistari ndiko nilikopata sababu ya kulipenda gitaa hili. Sauti ya tatu ya rasti, mojawapo ya makamu (ngazi za sauti) za Kiarabu, ikianzia C si E wala E-bemoli, inakaa baina yao. Kwenye gitaa la freti haipo. Kwenye uzi wa C wa gitaa langu iko kati ya mstari wa tatu na wa nne, na ukishaisikia kwa fidla mkono unaijua njia. Sauti ya pili ya bayati, makamu nyingine, vivyo hivyo. Watu wa Hawaii na wa Marekani walilitengeneza kwa ajili ya muziki usiozitaka sauti hizo, lakini chombo chenyewe hakina kizuizi.

Mtetemo wa mkono uje mwisho. Kila anayeanza anatikisa chuma kwa nguvu, kwa kuwa mtikiso huficha sauti iliyokosea. Mzee alinikataza kabisa kutikisa mpaka sauti kavu isimame peke yake, na aliporuhusu akataka iwe kidogo, chuma kibingirike bila kuhama mahali.

Tumefika kwenye kuzima. Kanuni ni chombo cha mlio. Unapiga, nyuzi zinalia, zinachanganyika, na mchanganyiko huo ndio uzuri wake. Peleka tabia hiyo kwenye gitaa la umeme lenye chuma juu ya nyuzi sita uone balaa. Umepiga uzi mmoja, lakini chuma kinagusa zote, na kila ukisogea zote zinasogea. Nyuma ya chuma, upande wa funguo, kuna vipande vya nyuzi navyo vinapiga kelele zake. Pikapu haibagui, inabeba kila kitu.

Dawa ya nyuma ni vidole vya mkono wa kushoto. Chuma kinashikwa na gumba, shahada na cha kati. Cha pete na kidogo vinalala juu ya nyuzi nyuma yake, vikiburuzwa kwa wepesi kokote kinakokwenda. Wepesi ni neno zito hapa. Vikikandamiza, vinaivuta sauti juu, vikinyanyuka kelele zinarudi. Kidole kidogo changu kilikuwa kikinyanyuka chenyewe kama cha bibi harusi anayeonesha hina, na ilichukua muda mrefu kukishawishi kishuke.

Dawa ya mbele ni ubavu wa kiganja cha kulia. Unapiga uzi, unashusha kiganja unauzima, unahamisha chuma, unanyanyua, unapiga mwingine. Ukisema hivyo inaonekana ni mambo manne, na mwanzoni ni manne kweli. Nilifanya zoezi moja kwa kipindi kirefu. Chuma mstari wa tano, uzi wa pili peke yake, piga, zima. Mstari wa saba, piga, zima. Kati ya sauti mbili nataka nisikie ukimya kamili, kisha polepole nikaufupisha ule ukimya mpaka usijulikane. Fanya zoezi hilo amplifaya ikiwa na sauti ya kutosha. Wengi hufanya ikiwa chini kwa kuona haya, na ikiwa chini uchafu wote unajificha, unakuja kuumbuka mbele za watu.

Na mkono wa baibui, dada zangu, uufunge au uukunje. Mkono wangu ulikuwa ukizima nyuzi ambazo sikutaka zizimwe, nami nikilaumu pikapu.

Rafiki yangu mmoja anayepiga mahotelini Nungwi alianza upande mwingine kabisa. Alinunua lile la kusimama, lenye miguu minne na shingo mbili, nyuzi nane kila shingo. Ni vyombo vya heshima. Stringmaster ya kampuni ya Fender iliyoanza 1953 ilikuwa na mpaka shingo nne, na pikapu mbili kila shingo zilizozungushwa kinyume ili kuua muungurumo. Shingo nyingi zilikuwa jibu la wakati ule: kila shingo ina mtyuni wake, unahama badala ya kutyuni upya. Lakini anayeanza hana mitindo miwili ya kuhamia. Rafiki yangu ana nyuzi 16 za kutyuni kila jioni, gari la kukodi kila kazi, na shingo ya nyuma anawekea chupa ya maji. Ngazi za nyumba yetu ya Mkunazini hata lisingepanda. Ukikua, ukajua hasa unataka mtyuni wa pili wa nini, linunue. Nyuzi nane zinapendeza, sikatai.

Katika kundi letu halikupokelewa kwa vigelegele. Mmoja wa wakubwa zetu alisema taarab haina haja ya sinema. Yule mzee wa fidla ndiye aliyenitetea. Akauliza, kodiani ilizaliwa Kokoni, mtaani kwetu hapa? Na besi je? Ikhwani Safaa, kundi kongwe la taarab la hapa, wapo tangu 1905, na kila kizazi kimeongeza chombo. Wakacheka, wakanipa nafasi ndogo. Nijibu fidla baina ya beti, nisiingie mwimbaji akiwa anaimba. Naona wamehukumu vyema, gitaa linaloteleza likimfuata mwimbaji humvuruga, maana nalo lina koo.

Kilichobaki ni muungurumo. Pikapu yangu ni ya koili moja, na karibu na adapta ya kinanda inanguruma vibaya. Nikijigeuza kidogo inapungua, nikigeuka zaidi inakwisha, ila nakuwa nimewapa watu ubavu. Tumekubaliana kinanda kihamie upande wa ngoma ya dumbak, mimi nikae karibu na besi, na waya wangu upite chini ya busati. Mpiga kinanda bado amenuna.